Jambia Mchana Kweupe

Kapu lilirudi Siyu siku ya Alhamisi kabla ya adhuhuri, juu ya pikipiki ile ile iliyolipeleka Faza asubuhi. Halua ilikuwemo, imemegwa pembeni tu. Udi ulikuwemo, leso zilikuwemo, chupa ya marashi ilikuwemo. Na juu ya vyote hivyo, limelazwa wazi bila hata kitambaa, lilikuwemo jambia.

Mwanamkisi alilitazama kapu, kisha akamtazama shemeji yake aliyelileta.

"Jambia hili ulilitia wapi, Abdulghafur?"

Abdulghafur alikuwa ndugu wa marehemu mumewe, mtu wa majumba na wapangaji kule Amu, mji wa Lamu. Alivua kofia, akafuta jasho la utosini, akaivaa tena.

"Chini."

"Chini ya nini?"

"Chini ya halua."

Mwanamkisi alikaa kitako pale pale ukumbini, kapu likiwa mbele yake. Zaki, mwanawe, ambaye nikahi yake ilikuwa kesho, alisimama mlangoni na mikono imejaa grisi ya mashine za boti.

Katika visiwa hivi bwana harusi huvaa joho na kilemba na jambia kiunoni, na hilo kila mtu alijua. Lakini ukoo wa marehemu Musab, mumewe Mwanamkisi, ulikuwa na jambo jingine lake na watu wa Faza waliooana nao tangu mababu. Jambia hutangulia. Kabla ya nikahi, baba wa bwana harusi hulifunga kiunoni, juu ya nguo, akatembea nalo kwa miguu kutoka nyumba za mwanzo za mji hadi mlangoni kwa bibi harusi. Watu wote hulitazama. Akifika mlangoni hulichomoa nusu, mkubwa wa nyumba hiyo akatazama chuma, kisha likarudi alani. Maana yake ilieleweka bila kuelezwa: chuma chetu chote ni hiki, hapana kingine nyuma ya migongo yetu.

Jambo hilo lilitoka zama za ugomvi, watu wa miji hii walipokuwa wakilishana mchana na kuviziana usiku. Pale Faza walisimulia kwamba wageni fulani walikuja na zawadi za vyakula, na chini ya vyakula visu, na damu ikamwagika kabla watu hawajanawa mikono. Kama ni kweli au si kweli, Mungu ndiye ajuaye. Lakini watoto wa Faza walilala na hadithi hiyo, wakakua nayo. Na leo Bi Raihana, nyanya yake bibi harusi, Hadil, alitia mkono kapuni amege halua ya watu wa Siyu, akashika chuma.

"Alipiga yowe?" Mwanamkisi aliuliza.

"Bora angepiga yowe," alisema Abdulghafur. "Alinyamaza. Akamwita mwanawe."

Mwanawe alikuwa Bwana Shuaib, babake Hadil, mtu wa maneno machache na kichwa kigumu.

"Kasemaje?"

"Kasema, jambia lirudi lilikotoka. Likiya tena liye laonekana na kila mwenye mato, kutoka mwanzo wa mji hata mlangoni pangu, kabula ya nikahi. Lisipokuya hivyo, hapana nikahi, na kila mtu ashike ndia yake."

Zaki aligeuza uso akautazama ua.

"Lakini shemeji, nisikilize," Abdulghafur aliendelea kwa haraka. "Kuna amri. Tangu mashambulizi ya upande wa bara, hairuhusiwi panga wala kisu barabarani. Wamesimamisha kizuizi mbele ya soko la Faza, na bunduki. Ningepita vipi na jambia kiunoni? Nilifanya busara."

"Na hao wenye bunduki walikupekua?"

"Hawakutazama hata kapu. Walinipa salamu, nikawajibu."

"Kwa hiyo kisu kilichofichwa kilipita kwa salamu," Mwanamkisi alisema.

Zaki alifuta mikono kwa kitambaa. "Nitalipeleka mimi, mama. Kesho asubuhi."

"Wewe?" Mamake alimtazama kuanzia ndevu zake changa hadi miguuni. "Kijana wa ndevu, kanzu, na jambia kiunoni, mbele ya bunduki? Hawatakuuliza hata jina. Mimi nataka mwana wa kuoa, sitaki mwana wa kuzika."

"Basi ami atalirudisha."

Abdulghafur alikohoa. "Mimi nina biashara, mwanangu. Nina wapangaji. Nikilala ndani usiku mmoja tu, jina langu limekwisha Amu nzima."

Jirani alikuwa akitwanga kitu, mchi wake ukisikika kupitia ukutani. Mwanamkisi alinyoosha mkono akalitoa jambia kapuni. Mpini wake wa pembe ulikuwa umeliwa na viganja vya wazee, na ala yake ya ngozi ilishonwa hapa hapa Siyu, mshono mdogo mdogo kama wa kofia. Alipangusa halua iliyoganda kwenye ncha ya ala kwa upindo wa leso yake.

"Nitalipeleka mimi," alisema.

Abdulghafur alicheka kabla hajajizuia. "Mwanamke na jambia? Watu watasema nini?"

"Watasema walichokiona. Na kuonekana ndiko kunakotakiwa."

*

Usiku ule hakulala sana. Aliswali rakaa mbili, akabaki juu ya msala. Wako watu wanaomwomba Mola awasitiri na macho ya viumbe. Yeye alimwomba kinyume chake: aonekane, aonekane barabara, na kuonekana kwake kusilete damu. Akaomba ulimi wake usitetemeke. Alijua miguu itatetemeka, na hiyo akamwachia Mwenyezi Mungu aifanye apendavyo.

Asubuhi ya Ijumaa alivaa buibui, akaufunga mkanda wa marehemu mumewe juu yake, tundu la mwisho kabisa, na jambia akalitundika ubavuni pale mkono wa kulia unapolifikia. Zaki alimtazama, macho yake mekundu.

"Mama, kama ni taabu hivi, mimi naweza kungoja mwaka."

"Hadil ataweza?"

Zaki alikwangua grisi kwenye kucha.

"Basi kaoge. Nikahi ni baada ya alasiri."

Nje, Madi wa pikipiki alikuwa akimsubiri. Alimwona anavyotoka, akazima mashine.

"Bi Mwanamkisi. Hiyo ni nini?"

"Hujaona jambia maishani mwako?"

"Nimeliona kwa bwana harusi. Nyuma ya mgongo wangu sijaliona. Nikipiga breki je?"

"Basi usipige breki."

Madi alicheka mpaka akaegemea usukani, kisha akaona kwamba Mwanamkisi hacheki, akawasha mashine. Wanawake wa mtaani walitoka vizingitini. Mmoja akapiga kigelegele kifupi, akaziba mdomo, kama aliyekumbuka kwamba arusi bado haijathibiti. Wengine waliinua mikono wakamwombea. Siyu hawakushangaa kisu. Walishangaa mbebaji, na hata yeye walimpa haki yake.

Njia ya Faza ni mchanga na visiki, na pikipiki iliruka ruka kupita mashamba ya mnazi na ufuta. Zilipoonekana nyumba za mwanzo, Mwanamkisi alimgusa Madi begani.

"Hapa panatosha. Kilichobaki ni cha miguu."

"Nikusubiri?"

"Kanisubiri mlangoni kwa Bwana Shuaib, kama hu mwoga."

"Mimi ni mwoga," Madi alisema, akiwa bado juu ya pikipiki. "Lakini nitakuya."

*

Alianza kutembea. Hakwenda upesi, kwa sababu mtu anayekwenda upesi na kisu huwa amekusudia jambo, wala hakujikokota.

Wa kwanza kumwona walikuwa wanawake wawili waliokuwa wakipepeta mchele barazani. Nyungo zilisimama hewani. Mmoja akaita ndani, "Njooni muone!" Wakatoka watu wa nyumba nzima. Mwanamke wa nyumba ya pili akamvuta mtoto wake ndani na kufunga mlango, na komeo likasikika. Sauti ya komeo lile ilimwuma Mwanamkisi. Maisha yake yote alikuwa mtu ambaye watoto hukimbilia leso yake wakitaka kashata, na leo mtoto anafichwa asimwone. Aliendelea.

Msichana mmoja alitoa simu akaanza kumpiga picha. "Wueh! Huyu mathe ako na kisu kweli!"

"Piga vizuri," Mwanamkisi alimwambia. "Usinikate kiuno. Hapo ndipo penye jambo."

Mwenye duka la sukari na mafuta ya taa alishusha nusu ya mlango wake wa bati, akainama kuchungulia chini yake. Mbele kidogo palikuwa na baraza la wanaume waliomaliza chai, na hao hawakufunga mlango wala kuchungulia, maana kazi yao ilikuwa kutazama wapitao.

"Bi," aliita mmoja, mnene, kofia imekaa upande, akipitisha kidole shingoni, "wenda kutinda nani?"

"Wa kwanza kuniuliza."

Baraza zima lilipasuka kwa kicheko, na yule mnene akacheka pia, huku akirudisha miguu yake chini ya kiti.

Lakini mzee aliyekaa naye hakucheka. Alitikisa kichwa. "Mwanamke kubeba jambia ndiani! Yeo dunia imekwisha."

Mwanamkisi alisimama. "Dunia haijakwisha, babangu. Waume ndio waliokwisha, ndipo jambia likanifikia mimi."

Hakuna aliyecheka mara hii. Aliwaamkia, wakamwitikia kwa sauti za chini, akaendelea na njia. Nyuma yake alisikia viti vikisogezwa. Walikuwa wanamfuata.

Kwenye kona ya msikiti alikutana na Nasreen. Walikuwa wamesoma chuo kimoja cha Kurani utotoni, wakigawana mkeka na vipande vya muhogo. Nasreen alimwona kutoka mbali, akayageuza macho. Kisha, walipokaribiana, moyo ulimshinda. Akaja mbio, akivua mtandio wake wa juu.

"Mwenzangu, funika. Chukua hii. Askari wako pale mbele, nakuapia. Wale si watu wa hapa, hawakujui wewe ni nani. Funika tu mpaka upite soko, kisha utoe tena. Nani atajua?"

Mtandio ulikuwa mweusi, mzuri, na ulinukia sabuni. Mwanamkisi aliushika. Hapo ndipo miguu ilipotetemeka kweli, kwa sababu tusi la barazani alikuwa amelijibu kwa wepesi, lakini huruma ya mtu aliyekula naye muhogo alikosa pa kuipitia. Angelifunika, angelipita, angelifika. Na Bwana Shuaib asingelijua.

"Jana lilifunikwa," alisema mwisho. "Likafika salama kabisa, na arusi ikafa. Shika nguo yako, Nasreen. Niombee."

Nasreen alibaki amesimama na mtandio mkononi, kichwa wazi nusu, akisoma kitu kwa midomo.

*

Kizuizi kilikuwa mti mrefu uliolazwa juu ya mapipa, mbele ya soko, mahali njia zote za mji hukutana. Palikuwa na meza, kiti cha plastiki, na askari wawili. Mmoja kijana, bunduki mikononi. Mwingine sajini, mtu wa makamo, mweusi kwa jua, bunduki begani, viatu vyake vizito vimejaa mchanga wa kisiwa ambacho hakukichagua.

"Mama! Simama hapo hapo. Nione mikono."

Mwanamkisi aliinua mikono. Nyuma yake watu walisimama pia, na soko likanyamaza kidogo kidogo, meza baada ya meza.

"Hicho ni nini kiunoni?"

"Jambia."

"Unajua kuna amri?"

"Najua."

Sajini alikuwa amejiandaa kwa mtu wa kukana, na jibu hilo lilimkosesha hatua. "Sasa kama unajua, mbona umekibeba wazi wazi hivyo, kama mtu wa vita?"

"Mtu wa vita angelificha."

Watu waliguna. Askari kijana aliisogeza bunduki yake. Sajini alimwashiria atulie, akakaribia, akashusha sauti.

"Sikiza, mama. Mimi pia nina mama nyumbani. Sitaki shida na wewe siku ya Ijumaa. Toa hiyo leso uliyonayo, funika hiyo kitu, upite. Mimi sijaona."

"Ukisema hujaona, safari yangu imepotea," alisema Mwanamkisi, naye hakushusha sauti. "Nimelileta lionekane. Ni jambia la arusi ya mwanangu. Kwa desturi yetu likifichwa ni uadui, likionekana ni amani. Jana lilipita hapa hapa mbele yako, chini ya halua, na mliliamkia."

Mtu mmoja sokoni alicheka kwa pua. Uso wa sajini ulibadilika. Ile huruma yake ikakunjwa na kuwekwa mahali.

"Kwa hiyo unanifundisha kazi. Weka juu ya meza."

"Mikono yangu iko juu, afande, na kijana wako ana bunduki. Lichomoe wewe."

Ilimbidi ainame. Mbele ya soko zima sajini aliinama kwenye kiuno cha mjane wa Siyu, akashika mpini wa pembe, akalivuta jambia taratibu, na lilipotoka lote akaliinua kulitazama, kwa sababu ni vigumu mtu kushika chuma kizuri asikitazame. Jua likakaa juu yake. Wote waliliona: wauza samaki, wauza vitunguu, wazee wa baraza, msichana mwenye simu. Alipogundua analiinua, alilishusha upesi akaliweka mezani.

"Litabaki hapa. Na wewe nenda nyumbani kabla sijabadili nia."

Askari kijana alichukua gunia tupu alitupie juu.

"Lisifunikwe," Mwanamkisi alisema.

"Mama!"

"Umeshalichukua, limo mikononi mwenu, na mimi sina nguvu ya kuwanyang'anya. Lakini mkilifunika siondoki hapa. Nitakaa kitako chini ya mti huu, na kama ni kunifunga mnifunge."

Sajini aliwatazama watu waliojaa njia zote. Akamtazama tena mwanamke huyo aliyesimama na mikono juu kama anayeomba dua. Akamnyang'anya kijana wake gunia, akalitupa chini ya meza.

"Pita."

Akapita. Kiunoni ala ilining'inia tupu, nyepesi, ikigonga ubavu wake kila hatua, na yeye hakuishika kuituliza.

*

Habari zilikuwa zimefika mbele yake. Bwana Shuaib alisimama kizingitini, kanzu imepigwa pasi, mikono nyuma. Madi alikuwa amekaa juu ya pikipiki yake kivulini, akijifanya kutazama tairi. Ndani, nyuma ya pazia la mlango, sauti za wanawake zilikatika.

"Salamu alaikum, Bwana Shuaib."

"Alaikumu salamu." Aliitazama ala. "Ni tupu."

"Ni tupu."

"Nilisema jambia."

"Nimesikia ulilosema. Jana lilifichwa, likafika hadi mkononi kwa mamako, hapana aliyelizuia. Yeo limekuya wazi, watu wote wameliona, na kwa sababu ya kuonekana kwake limekamatwa. Lipo juu ya meza pale sokoni, halikufunikwa. Nenda kaulize mtoto yeyote wa mji huu jambia la Zaki bin Musab likoje, atakuelezea hata rangi ya mpini. Sasa niambie lipi lilikuya kwa heshima."

Watu waliofuata walijaa uchochoroni, na wote walimtazama Bwana Shuaib. Kutoka ndani Bi Raihana alisema, sauti yake kavu, "Shuaib, muondoe mtu juani. Limeonekana."

Bwana Shuaib akavuta pumzi. Mabega yake yalishuka. "Haya. Yamekwisha, Bi Mwanamkisi. Ingia ndani unywe maji. Nikahi ni baada ya alasiri kama tulivyoagana."

Hilo ndilo lililomtoa Siyu. Lilikuwa mkononi mwake sasa, arusi ya mwanawe, imerudi nzima, na alichotakiwa ni kuvuka kizingiti tu. Madi aliinua kichwa, tayari kutabasamu.

"Siingii," Mwanamkisi alisema.

"Kwani kuna nini tena?"

"Ulisema hadi mlangoni pako. Mimi nimelileta hadi pale nguvu zangu zilipofika. Nikiingia sasa, kila siku mwanangu atakapogombana na mkewe, ataambiwa na mtu: jambia lako liliishia sokoni. Sitaki. Kipande kilichobaki ni chako."

"Waniamrisha mlangoni pangu?" Uso wake uliwaka. "Baada ya mimi kukusamehe?"

"Nakuomba, bwana. Nakuomba kwa sauti ya juu. Ulimtuma mjane apite mbele ya bunduki kwa ajili ya neno lako. Nimepita. Na wewe lipitie neno lako."

Bwana Shuaib aligeuza uso akautazama mlango wake. Angeweza kugeuka akaingia na kufunga mlango, na kila mtu pale alijua kwamba angeweza, na Mwanamkisi alijua kuliko wote. Alisimama na ala yake tupu, akihesabu amepoteza nini kwa ulimi wake mwenyewe.

Pazia likasogea. Mkono wa msichana, hina yake bado mbichi nyekundu hadi kwenye kiwiko, ukatokea chini, karibu na sakafu, ukasukuma nje jozi ya makubadhi ya ngozi. Yalisimama sawasawa mbele ya miguu ya Bwana Shuaib, ncha zimetazama sokoni.

"Hadil!" Bi Raihana alikemea ndani, lakini katika kukemea kule mlikuwa na kicheko.

Bwana Shuaib aliyatazama makubadhi yake kwa muda. Kisha akayavaa.

*

Walirudi sokoni, yeye na Mwanamkisi bega kwa bega, na nyuma yao wanaume waliokuwa wakielekea msikitini mapema kwa sala ya Ijumaa, na baraza lote, na yule mzee ambaye dunia yake ilikuwa imekwisha. Sajini aliwaona wanavyokuja, akasimama kutoka kwenye kiti cha plastiki. Jambia lilikuwa bado mezani, wazi.

"Mzee, msilete fujo hapa."

"Hatuna fujo," alisema Bwana Shuaib. "Hilo ni jambia la mkwe wangu. Nimekuja kulichukua."

Aliposema mkwe wangu, mbele ya watu wote, Mwanamkisi aliinamisha kichwa mara moja, akakiinua tena.

"Amri ni amri."

"Sawa. Mimi sina ugomvi na amri. Ila siwezi kumwoza mwanangu kabla jambia halijafika mlangoni pangu. Kama haliwezi kufika mlangoni, basi mlango wangu utahamia hapa." Akakunja kanzu, akakaa chini, pale pale mchangani mbele ya mti wa kizuizi. "Kadhi tutamwita hapa. Pilau italetwa hapa. Na wewe, afande, umealikwa."

Wanaume walianza kukaa mmoja mmoja nyuma yake, kwa mistari, kama wapangavyo safu za sala. Mwanamkisi hakukaa. Alisimama upande wa meza, na askari kijana akamtazama, kisha akamtazama mkubwa wake, akionekana mdogo sana ndani ya sare yake.

Sajini alikwenda kando na simu. Aliongea akitembea huku na huku, akinyoosha mkono kuonyesha watu ambao aliyekuwa upande wa pili wa simu hakuweza kuwaona. Alisikiliza kwa muda mrefu. Alisema ndiyo mkubwa, hapana mkubwa, ni wazee tupu mkubwa, na mama mmoja. Akarudi, akavua kofia, akajipepea.

"Litakwenda mpaka kwa huyo mzee, na mimi nalifuata nyuma. Leo tu. Na kabla jua halijatua liwe limetoka Faza."

"Litatoka," Mwanamkisi alisema. "Litatoka na bwana harusi."

"Likiwa kwenye begi."

"Likiwa kiunoni mwake."

"Mama, kesho amri iko pale pale. Nikimkuta nalo kesho, namfunga. Sitajali alioa jana."

"Nimekusikia, afande. Kesho ikifika tutaonana."

Mwanamkisi alinyoosha mkono, akalichukua jambia mezani kwa mpini, akaligeuza lionekane pande zote, kisha akalirudisha alani, na watu wa mbele walisikia linavyoingia. Akaukaza mkanda. Askari kijana aliinua mti wa kizuizi bila kuambiwa.

Akatangulia yeye. Bwana Shuaib alimfuata, kanzu yake ina mchanga nyuma, na sajini nyuma ya Bwana Shuaib, bunduki begani, ikionekana na kila mtu.